Leo Mwezi Ngapi?

Watu wakitaka kupiga picha ya nyota huanza kwa kuuliza kamera. Nyinyi, wajukuu zangu, anzeni kwa swali jingine, ambalo hakuna fundi wa simu pale Ukunda atakayewajibu. Teremkeni hadi Mkunguni, kule Msambweni, saa zile wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu. Toeni shikamoo. Mkishaitikiwa marahaba, ulizeni: "Mzee, leo mwezi ngapi?"

Hatawajibu kwa kalenda ya ukutani. Hatasema Agosti wala Septemba. Atasema mwezi ishirini na nane, au mwezi tano, kwa sababu anahesabu tangu mwezi ulipoandama. Ndani ya hesabu hiyo moja ana habari nyingi: maji yatakupwa saa ngapi, yatakwenda mbali kiasi gani, na kama usiku utakuwa wa giza totoro au wa mbalamwezi. Mwongezeeni swali la upepo, kama kusi limetulia au bado lina hasira, na hapo mmepata karibu kila kitu anachohitaji mpiga picha wa usiku. Kamera inafuata nyuma, tena nyuma sana.

Najua hamjaniamini. Basi tuanze na picha yenyewe inavyopatikana gizani, halafu turudi kwa mzee.

Jicho ni kiungo cha ajabu, ila halijui kuweka akiba. Nuru inayoingia sasa hivi hulitumia sasa hivi, kisha likaisahau. Hata ukikodoa macho hadi alfajiri, nyota hafifu haitazidi kung'aa. Kamera sivyo. Ukiiacha wazi kwa sekunde 20, nuru inayoingia hujumlishwa na ile iliyotangulia. Ni kama ndoo uliyoiweka chini ya paa la mabati: mvua ni ya rasharasha tu, lakini ukirudi baadaye unakuta maji ya kunawa. Ndiyo maana picha huonyesha nyota ambazo wewe mwenyewe, uliyesimama palepale, hukuziona. Huonyesha na rangi pia, kwa kuwa macho yetu gizani ni hodari wa kutofautisha weusi na weupe lakini kwa rangi ni dhaifu. Utaona kwenye picha kwamba moyo wa Nge, lile kundi la nyota, ni mwekundu, na utarudi nje kuuangalia tena, na safari hii utauona wekundu wake.

Nyota ya kwanza kupigwa picha, ukiacha jua letu, ilipigwa Julai 1850 katika kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, Marekani. William Bond na mpiga picha John Whipple waliielekeza darubini kubwa kwenye nyota iitwayo Vega, wakaliacha bamba la fedha likae wazi kwa takriban sekunde 100. Walichopata ni doa. Doa moja! Wakafurahi nalo, na walikuwa na haki. Vega hiyohiyo mnaiona kutoka Kwale: mwezi wa Agosti, baada ya Isha, elekeeni kaskazini mtafute nyota nyeupe yenye mng'ao mkali. Simu ya mjomba wenu, ikiegeshwa vizuri, itainasa pamoja na mamia ya nyingine.

Kwa nini basi tusiache kamera wazi saa nzima, tukusanye nuru mpaka tushibe? Kwa sababu dunia haitulii. Inajizungusha, na kwetu sisi tulio juu yake inaonekana nyota ndizo zinazokwenda. Kwa dakika 2 tu nyota husogea umbali sawa na upana wa mwezi. Ukizidisha muda, nyota inaacha kuwa nukta, inakuwa mstari. Wapiga picha wana kanuni ya haraka: chukua 500, gawanya kwa urefu wa lenzi uliohesabiwa kwa milimita, jibu ni sekunde. Lenzi ya milimita 20 inakupa sekunde 25. Mimi ningepunguza hadi 15, maana kamera za siku hizi zinaona hata dosari ndogo, lakini kanuni ni mahali pazuri pa kuanzia.

Au uitake hiyo mistari kwa makusudi. Na hapa ndipo nchi yetu ya Kwale inapokuwa na jambo lake.

Diani iko kama nyuzi 4 na kidogo kusini mwa Ikweta, Msambweni karibu nyuzi 4 na nusu. Simama ufukweni Diani uelekee baharini, mashariki barabara. Iache kamera ipige picha za sekunde 30, moja baada ya nyingine kwa muda wa saa nzima, kisha uziunganishe kwa programu. Nyota za katikati zitakuwa zimechomoka majini na kupanda juu karibu wima kabisa. Za kushoto kwako zitapinda kuelekea kaskazini, za kulia zitapinda kuelekea kusini, na katikati pataonekana pamepasuka njia. Mtu wa London akipiga picha ya namna hiyo akitazama mashariki, nyota zake zote zinapanda kimshazari. Picha ya nyota kuchomoka baharini zikiwa zimesimama ni picha ya watu wa karibu na Ikweta, na sisi tunayo bahari upande unaotakiwa.

Sasa geuka uelekee kusini, kule Shimoni na Vanga. Kila kitu upande ule kinazunguka nukta moja ya anga, na nukta hiyo iko nyuzi 4 tu juu ya upeo. Nyoosha mkono wako mbele, ulaze vidole viwili juu ya mstari wa upeo: ndipo hapo. Karibu nusu ya kila duara kubwa imefichwa na ardhi, kwa hiyo kamera itakupa matao, moja ndani ya jingine. Msalaba wa Kusini nao unakuonyesha nukta hiyo ilipo, ukiufuata mhimili wake mrefu na kuuendeleza mara nne na nusu hivi kuelekea chini. Tena kuna faida ambayo wengi hawaitumii: nyota za karibu na nukta hiyo husogea polepole, kwa hiyo ukielekea kusini unaweza kuiacha kamera wazi muda mrefu kidogo kuliko ukielekea mashariki au utosini.

Na kaskazini? Kule kuna nyota mashuhuri ya mabaharia, ile inayokaa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Msihangaike kuitafuta. Kwetu iko chini ya upeo siku zote. Manahodha wa zamani waliokuja huku kutoka Uarabuni waliijua habari hiyo vizuri. Walipima kimo cha nyota hiyo kwa vidole, na kadiri walivyoteremka kusini vidole vilipungua, mpaka ikazama wakahamia nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, aliandika katika karne ya 15 shairi refu la kuongozea vyombo katika pwani yetu hii hadi Sofala. Alikuwa na nyota, vidole na kumbukumbu. Mimi hujiuliza angesema nini kuhusu kijana anayepotea njia kati ya Ukunda na Mwabungo simu ikizima.

Zile nyota saba za Dubu Mkubwa, hata hivyo, tunazo. Mwanzo wa Mei, karibu saa tatu usiku, Msalaba uko upande wa kusini na Dubu yuko kaskazini, vyote viwili kwa usiku mmoja. Watu wa Ulaya Msalaba hawaupati. Watu wa New Zealand hawamwoni Dubu akiwa mzima. Sisi tunavyo vyote, isipokuwa Mei ni masika, na mara nyingi tunachokiona ni wingu.

Haya, turudi kwa mzee wa Mkunguni.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Maji hupanda sana, na yakiondoka huondoka kwelikweli. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, mivutano inapingana na maji hayafanyi makubwa: maji mafu. Hayo mmeyasoma shuleni, au mtayasoma. Lisiloandikwa sana vitabuni ni kwamba bamvua ya pwani yetu ina saa zake, na hazibadiliki kutoka mwaka hadi mwaka. Maji hujaa karibu na saa kumi, hukupwa karibu na saa nne, mchana na usiku vilevile. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50, mpaka mzunguko urudi mwanzo.

Hebu lifikirieni hilo kidogo. Usiku wa giza kuu, ambao mwezi haupo kabisa, ndio usiku wa bamvua. Na usiku huo, saa nne, si saa tisa wala saa kumi ambapo mama zenu hawatawaruhusu kutoka, bahari imejiondoa. Pale Diani ufuo unakuwa mpana mara kadhaa kuliko ulivyokuwa alasiri. Mchanga mgumu uko wazi, majani ya bahari yamelala, na kila bonde dogo la mwamba limebaki na dimbwi la maji. Dimbwi lililokingwa na jiwe halipati upepo, na dimbwi lisilopata upepo lina nyota ndani yake. Chuchumaa, shusha kamera karibu na maji, upige. Nusu ya juu ya picha ni mbingu, nusu ya chini ni mbingu.

Wasaka pweza wanazijua saa hizo tangu zamani, na wanajua pia sehemu ya pili ya habari: maji yakienda, yanarudi. Yanarudi yakipitia mikondo iliyo nyuma yako, ufukweni, kabla hujayaona mbele yako. Usiwe mbali mwambani ikikaribia saa sita. Vaa viatu vyenye soli ngumu, maana kwenye madimbwi kuna wakazi wenye miiba. Na usiende peke yako. Nawaambia hivi bila kutabasamu: mtoto haendi mwambani usiku bila mtu mzima anayeyajua maji ya pale.

Sasa tuongezeni Njia ya Maziwa. Ule mkanda mweupe ni mamilioni kwa mamilioni ya nyota za mji wetu mkubwa wa nyota, na sehemu yake nene zaidi, iliyo kitovu chake, iko karibu na mkia wa Nge. Kitovu hicho hakionekani miezi yote. Desemba na Januari kiko upande wa jua, kinapita juu yetu mchana. Lakini Agosti na Septemba, kati ya saa mbili na saa nne usiku, kinakuwa juu upande wa kusini au kusini magharibi, na mkanda wenyewe unapita utosini kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Kwa hiyo giza la Agosti na giza la Septemba vina kila kitu: hakuna mwezi, maji yametoka, na Njia ya Maziwa iko juu, vyote mapema kiasi cha kurudi nyumbani kulala. Ningekuwa mwalimu wa Kwale ningelipeleka darasa zima nje usiku huo.

Machi ni kinyume. Kitovu huchomoza baharini baada ya usiku wa manane na kufikia saa kumi kimesimama juu ya maji, kusini mashariki, picha ambayo watu wa hoteli za Diani huipenda sana. Pepo ziko katikati ya kaskazi na kusi, ni maleleji, bahari imetulia. Lakini giza la Machi nalo ni bamvua, na saa kumi maji yamejaa mpaka kwenye kuta. Ufuo haupo. Hapo utafute mahali palipoinuka, kama majabali ya Msambweni, na uwe umeshapakagua mchana.

Januari na Februari ni za kaskazi, anga ni kavu na safi kuliko miezi mingine mingi. Kitovu cha Njia ya Maziwa hakipo jioni, lakini Kilimia kipo, kile kishada kidogo ambacho wakulima wa zamani walikifuatilia kuzama na kuzuka kwake ili kuijua mvua. Yupo Jabari na mkanda wake wa nyota tatu. Na kusini yupo Suheli, wa pili kwa mng'ao katika nyota zote za usiku. Anayetaka kujifunza aanze miezi hiyo, kwani nyota ni kubwa, rahisi kutambulika, na upepo haumsumbui.

Kusi husumbua. Huvuta vumbi la chumvi kutoka baharini na kulipaka juu ya lenzi, na hutikisa stendi ya miguu mitatu hata kama umeinunua ghali. Funga mfuko wa mchanga chini ya stendi. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, kila baada ya muda mfupi, maana usiku umande nao huja kimyakimya.

Mwezi mpevu msiudharau. Wapiga picha wengi huukimbia kwa kuwa unazima nyota, na kweli unazizima. Lakini nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyogonga mwamba na kurudi kwetu, imepungua mara kama 400,000, na kamera ikikaa wazi sekunde 10 au 15 inarudisha kila kitu: minazi inakuwa ya kijani, mchanga mweupe, mbingu ya samawati. Mtu akiiangalia picha anasema ni ya mchana, kisha anaona nyota. Saa nne ya usiku huo maji pia yametoka, nao mwezi umeshapanda vya kutosha. Ngalawa zimelala mchangani zikiwa na vivuli vyake. Kwa anayeanza, na kwa anayetumia simu, ningesema huo ndio usiku wake wa kwanza.

Nimewaweka pwani muda mrefu, na Kwale si pwani tu. Ukiwa Diani, taa za hoteli na za barabara hula nyota za chini. Ukipanda mpaka mji wa Kwale, juu ya kingo za Shimba, utaona kaskazini mashariki mbingu imegeuka rangi ya machungwa: hiyo ni Mombasa na Likoni. Kamera inauona mwanga huo vibaya zaidi kuliko jicho, kwa ile tabia yake ya kuweka akiba. Dawa yake ni kuupa mgongo. Teremka upande wa pili wa milima kuelekea Kinango, nchi ya Waduruma, kwenye hewa kavu na mibuyu. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani ukabaki matawi matupu, na nyota zinaingia kila penye nafasi. Hakuna mti mwingine nchini mwetu unaofaa hivyo kwa picha ya usiku.

Lakini kuna mambo ya adabu, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Kwanza, kati ya Shimba na Kinango kuna hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, na tembo hawasomi mipaka. Ulizeni wenyeji kabla ya kusimama popote gizani. Pili, mtu aliyesimama chini ya mbuyu saa tano usiku, ameinama, hana taa ila kijinga chekundu, mbele ya nyumba ya watu, hawezi kulaumu mtu akidhaniwa mchawi. Mnacheka, lakini katika vijiji vyetu dhana hiyo imewaletea watu madhara. Mwambieni mzee wa mtaa mapema, jueni mbuyu gani wazee hawataki usogelewe, na mkubali neno lao hata kama ndio mbuyu mzuri kuliko yote.

Tatu, Msikiti wa Kongo pale kwenye mlango wa mto Mwachema, wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na mibuyu mikubwa, unavutia kamera mno. Ni msikiti wa kale, ila si gofu. Watu wanasali humo. Ombeni ruhusa, msubiri watu wamalize Isha, msipige waumini. Nne, Kaya Kinondo. Msitu huo wa Wadigo umo katika misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huingii bila wazee, huingii usiku, na picha ni kwa kibali. Piga nyota zilizo juu ya bahari ya Kinondo, uuache msitu na mambo yake.

Tano ni kasa. Hupanda ufukweni usiku kutaga, na baada ya takriban siku 60 watoto wao hutoka mchangani, usiku vilevile. Kitoto cha kasa huifuata nuru iliyo chini upeoni, kwa kuwa tangu enzi na enzi nuru hiyo ilikuwa bahari inayorudisha mng'ao wa nyota na mwezi. Ukiwasha tochi nyeupe, au mweko wa kamera, kinageuka na kuja kwako, kikauacha uhai nyuma yake. Mkikuta alama za kasa mchangani, zimeni kila kitu na muondoke polepole.

Kile kijinga chekundu nilichokitaja ni tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwanga mweupe wa kioo cha simu huyarudisha mwanzo mara moja. Mwekundu hauyasumbui sana.

"Lakini babu, sisi hatuna kamera." Nilijua swali hilo lingekuja. Simu ya mamako ina nini? Nyingi za siku hizi zina hali ya picha za usiku: zinapiga picha nyingi fupi na kuzipanga moja juu ya nyingine, zikijumlisha nuru kwa njia yao. Mkononi haitafanya kitu, kwa sababu hakuna mkono usiotetemeka. Iegemezeni kwenye jiwe, au muichimbie kijishimo mchangani ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kioo kikiangalia chini na lenzi juu. Wekeni saa ya kuchelewesha, sekunde 3 au 10, ili kidole kisiitikise. Zimeni mweko. Subirini. Mwenye kamera kamili afungue tundu la lenzi lote, aweke sekunde 15 hadi 20, ISO 3200, na azime ulengaji wa kujiendesha: aichague nyota kubwa, aikuze kwenye kioo, azungushe lenzi mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Picha nyingi za usiku huharibika hapo kwenye ulengaji kuliko mahali pengine popote.

Mkiipata picha, ikuzeni muangalie mmekamata nini. Nuru ya Shira, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, iliondoka kwake kama miaka 8 na nusu iliyopita. Wengine wenu mlikuwa mnajifunza kusema. Nuru ya Suheli imesafiri kama miaka 310. Ilipoanza safari, haikuwa imepita miaka mingi tangu Waomani walipowatoa Wareno Ngome ya Yesu, mwaka 1698. Na ule weupe wa kitovu cha Njia ya Maziwa umetoka umbali ambao nuru huchukua miaka kama 26,000 kuuvuka. Zote zimeingia kwenye lenzi moja kwa sekunde zilezile, pamoja na taa ya karabai ya mvuvi aliyekuwa nje ya mwamba.

Kuna kitu kimoja zaidi, cha wale watakaoruhusiwa kuamka mapema. Karibu saa kumi na robo usiku wa giza, juu ya bahari, kabla hakujapambazuka, husimama nguzo ya mwanga hafifu sana, pana chini na nyembamba juu. Waislamu wa pwani wanaijua kwa jina: alfajiri ya uongo. Mwalimu wa madrasa atawaambia kwamba haifungui wakati wa swala wala haimzuii mtu kula daku. Alfajiri ya kweli huja baadaye, nayo hutanda kwa upana. Ile ya uongo si mapambazuko kabisa. Ni vumbi lililotawanyika angani katika njia zinazopita sayari, linalomulikwa na jua ambalo sisi bado hatujaliona, na kwa kuwa huku karibu na Ikweta njia hizo zimesimama, nguzo nayo inasimama. Watu wa nchi za mbali kaskazini huiona imelala, wakiiona.

Vumbi hilo lina mwanachuoni wake ambaye hamtamdhania. Mnamjua Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, mwimbaji wa bendi ya Queen? Mpiga gitaa wake, Brian May, alikuwa akisomea nyota huko London kabla muziki haujamchukua. Aliiacha kazi yake ya utafiti kwa zaidi ya miaka 30, kisha akairudia na kupata udaktari mwaka 2007. Alichokichunguza ni mwendo wa vumbi hilohilo.

Kwa anayetaka tarehe: mwaka 2026 giza la Agosti liko karibu na tarehe 12, na la Septemba karibu na tarehe 11. Mwaka 2027 ni Agosti 2, na tena Agosti 31. Siku mbili au tatu kabla na baada ya hapo bado zinafaa, mkikumbuka zile dakika 50 za kila siku. Msipokuwa na uhakika wa hesabu, nendeni mkamuulize mzee. Pelekeni na picha mtakayopiga. Wavuvi wengi wameziangalia nyota hizo miaka mingi wala hawajawahi kuonyeshwa picha moja iliyopigwa kwao.